Unanunua Nyumba au Kiwanja? Mtafute Wakili Kabla ya Kutoa Fedha

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Maswali ya ardhi yanatufikia kwa wingi, na muulizaji karibu kila mara anakuja akiwa ameshachelewa. Fedha zimeshatoka, karatasi imeshapigwa muhuri, msingi umeshachimbwa, ndipo anapotokea mtu wa pili na kusema, "Hapa pangu." Hapo ndipo tunapoulizwa, "Mashekhe, dini inasemaje?" Dini ina jawabu, lakini jawabu la baada ya hasara ni chungu kwa pande zote mbili. Kwa hivyo leo tumeona bora tuzungumze kuhusu hatua ya kabla ya hasara, nayo ni kumtafuta wakili anayestahiki.

Tuanze na jambo lililotokea. Ndugu yetu mmoja anayefanya kazi Muscat alinunua kiwanja huku Unguja. Muuzaji alikuwa mtoto wa kiume wa marehemu mwenye eneo. Dalali alikuwepo, sheha alitia saini, na karatasi iliandikwa na mtu aliyetambulishwa kuwa ni "wakili". Baada ya ukuta kufika kwenye linta, walikuja dada watatu wa muuzaji pamoja na mama yao. Hawakuuza, hawakuulizwa, na hata senti moja hawakuipokea. Tulipoitazama ile karatasi, jina la wakili halikuwemo. Yule bwana kazi yake ilikuwa kuchapa barua na fomu dukani.

Hukumu ya mauziano kama haya

Marehemu aliacha mke, mtoto mmoja wa kiume na watoto watatu wa kike. Mke ana thumuni, na kilichobaki wanagawana watoto, mwanamume sehemu mbili na mwanamke sehemu moja. Tukigawa mali kwa mafungu 40, mama ana 5, mtoto wa kiume ana 14, na kila binti ana 7. Tuseme, ili hesabu iwe nyepesi, kiwanja kiliuzwa kwa shilingi milioni 40. Muuzaji alikuwa na haki ya kuuza kitu chenye thamani ya milioni 14 tu. Milioni 26 zilizobaki alipokea kwa mali ya mama yake na dada zake.

Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, mtu akiuza chake na cha mwenziwe kwa pamoja, kauli yenye nguvu ni kwamba mauzo yanasihi katika fungu lake na yanabatilika katika mafungu ya wenziwe. Mnunuzi asiyejua ana khiari ya kuvunja mauzo yote na kudai fedha zake, au kubaki na lile fungu kwa thamani ya fungu hilo. Hata akibaki nalo hajatulia, kwani ikiwa ardhi ile inagawika, washirika waliobaki wana haki ya shufaa, yaani kulichukua fungu lililouzwa kwa kumlipa mnunuzi bei yake. Na Mtume (SAW) alimkataza Hakim bin Hizam kuuza kitu asichokuwa nacho, kama walivyopokea Abu Daud na Tirmidhi.

Kwa hivyo yule ndugu wa Muscat hakuwa na kosa la nia, na dada watatu hawakuwa na kosa lolote. Kisheria alikuwa na haki ya kudai fedha zake kwa muuzaji. Lakini muuzaji alikuwa ameshazitumia. Wakili wa kweli angeuliza suali moja tu mwanzo kabisa: "Baba yenu ameacha nani, na karatasi ya mirathi iko wapi?" Hapo fedha zingebaki benki.

Neno "wakili" ni neno la fiqhi

Tunapomwita mwanasheria "wakili" tunatumia neno lilelile la vitabu vyetu vya fiqhi. Wakili ni mtu uliyemkabidhi jambo lako alifanye kwa niaba yako. Mtume (SAW) alimpa Urwa al-Bariqi dinari akamnunulie kondoo, na habari hiyo imo katika Bukhari. Kuweka wakili katika kununua ni jambo linalojuzu, halina shaka.

Wakili ni muaminifu juu ya mali ya aliyemuweka, na hatoki nje ya mipaka aliyowekewa. Na katika madhehebu yetu wakili wa kuuza hajiuzii mwenyewe, kwani mtu mmoja hasimami pande mbili za mkataba, isipokuwa baba au babu katika mali ya mtoto mdogo. Tutalirudia hili, kwani limewatia wengi hasarani.

Ama kuandika, Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ni ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, imezungumzia kuandika deni, muandishi muadilifu, mashahidi, na kutowadhuru muandishi wala shahidi. Ndani yake pia imo amri ya kushuhudisha watu wanapouziana. Mwenye kusema kwamba karatasi ni mambo ya kizungu na sisi tunaaminiana, aisome aya hiyo tena.

Nani si wakili

Watu wengi wanaosaidia mauzo visiwani ni watu wema, lakini wema si cheo cha uwakili.

Dalali si wakili. Kazi yake ni kukutanisha muuzaji na mnunuzi, na malipo yake yanapatikana mauzo yakipita. Usimuombe ushauri wa kukuzuia usinunue mtu ambaye chakula chake kinategemea ununue.

Sheha si wakili wala si msajili wa ardhi. Anawajua watu wa shehia yake, na ushahidi wake una thamani kubwa. Lakini saini yake haimfanyi asiyekuwa mmiliki awe mmiliki.

Aliyesoma sheria chuo kikuu, kama hajasajiliwa kuwa wakili, ni mwanasheria bali si wakili. Msaidizi wa sheria wa shehia naye anaweza kukuelekeza vizuri sana, lakini hasimami mahali pa wakili. Ama mwenye duka la kuchapa, huyo amechapa tu.

Vipi utamjua anayestahiki

Kwanza, hakikisha amesajiliwa Zanzibar. Ardhi si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria zake za ardhi na mahakama zake, na mawakili wake huapishwa na Jaji Mkuu wa Zanzibar. Sheria za ardhi za Tanzania Bara za mwaka 1999 hazitumiki huku. Kwa hivyo wakili wa Dar es Salaam, hata akiwa bingwa wa ardhi za huko, muulize kama amesajiliwa na huku pia. Jina lake unaweza kuliulizia ofisi ya Mrajis wa Mahakama Kuu, au Chama cha Wanasheria Zanzibar (ZLS). Muombe pia akuoneshe ruhusa yake ya kufanya kazi ya mwaka huu. Wakili wa kweli hachukii suali hilo.

Pili, hakikisha anazijua kazi za ardhi. Wapo mawakili hodari wa kesi za jinai ambao hawajawahi kufuatilia uhaulishaji wa kiwanja hata kimoja. Muulize wazi: "Umeshafanya mauziano mangapi ya ardhi? Ya mjini au ya shamba? Unguja au Pemba? Ulikwama wapi?" Anayejibu kwa mifano anaijua kazi. Anayejibu "Msijali, niachieni mimi" muogopeni.

Tatu, aulizwe kuhusu uaminifu wake. Tunapooza binti zetu tunauliza jirani, imamu na wenzake wa kazi. Basi tuulize vilevile tunapokabidhi akiba ya miaka kumi. Tafuta watu wawili au watatu waliofanyiwa kazi naye, si waliomsikia tu.

Nne, awe wako peke yako. Usikubali wakili uliyeletewa na muuzaji au na dalali, wala msitumie wakili mmoja pande zote mbili kwa kubana matumizi. Mtu akisimama kwa muuzaji na mnunuzi, siku maslahi yao yatakapogongana hana njia ila kumkhini mmoja. Fiqhi iliyaona haya zamani.

Kazi ambayo lazima aifanye

Wapo wanaodhani kazi ya wakili ni kuandika mkataba. Mkataba ni kazi ya mwisho. Kazi yenyewe iko kwenye uchunguzi, na ni vyema mnunuzi aijue ili ajue anachokilipia.

Aangalie unanunua nini hasa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ya Zanzibar ilifanywa mali ya Serikali, na Sheria ya Umiliki wa Ardhi Namba 12 ya 1992 ndiyo inayoeleza haki ya matumizi ya ardhi anayopewa Mzanzibari. Tena huku kwetu miti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe tofauti. Mtu anaweza kuwa na mikarafuu au minazi yake juu ya ardhi isiyokuwa yake. Akikwambia "nauza shamba", wakili aulize: unauza miti, au haki ya ardhi, au vyote viwili? Na kama ni miongoni mwa eka tatu zilizogaiwa na Serikali baada ya Mapinduzi, aangalie masharti yake. Kama ni kiambo cha ukoo, kama inavyojulikana sana Kusini na Kaskazini Unguja, ajue ni nani wenye kauli.

Aende kwenye kumbukumbu. Ofisi zinazohusika na ardhi zitaeleza kama eneo limesajiliwa, kwa jina la nani, limepimwa au la, na kama limewekwa rehani au lina zuio la mahakama. Asitosheke na kivuli cha hati kilichotumwa kwa simu.

Aulize mirathi. Ikiwa mwenye mali ameshafariki, ipatikane karatasi inayoonesha warithi wote kutoka Mahakama ya Kadhi au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Kisha kila mrithi baleghe atie saini yake mwenyewe, wanawake kabla ya wanaume tukiweza, kwani wao ndio wanaosahauliwa. Ikiwa wamo mayatima wadogo, ndugu mkubwa au ami hana mamlaka ya kuuza mali yao kwa udugu tu. Mamlaka ni ya babu mzaa baba, au wasii aliyeachwa na marehemu, au kadhi. Na hata hao hawauzi nyumba wala ardhi ya yatima ila kwa haja au kwa maslahi yaliyo wazi. Madeni na wasia wa marehemu pia hutangulia mgao.

Aulize wakfu. Zipo nyumba nyingi, khasa Mji Mkongwe, zilizowekwa wakfu na wazee wetu kwa ajili ya misikiti, mafakiri au vizazi vyao. Wakfu hauuzwi wala haurithiwi. Anayenunua nyumba ya wakfu amenunua hasara ya dunia na suali la Akhera. Na kwa nyumba ya Mji Mkongwe, wakili aulizie pia kwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, kwani ukarabati wake una masharti.

Afike mahali penyewe. Atembee mipaka pamoja na sheha, majirani na mpima ardhi, aulize ni nani anayelima na nani anayepita. Majirani mara nyingi wanajua kesi ambazo hazimo katika daftari lolote.

Asimamie ridhaa na usajili. Sheria ya mwaka 1994 iliweka Bodi ya Uhaulishaji Ardhi, nayo ndiyo inayopitisha uhaulishaji. Mkataba uliosainiwa na kukunjwa kabatini haujamaliza safari. Muulize wakili tangu mwanzo: ni nani atakayepeleka maombi, nani atakayelipa ada za Serikali, na lini utapata hati yenye jina lako.

Mwisho, fedha zipite benki, kwa awamu zinazofuata hatua. Fedha taslimu ndani ya mfuko wa plastiki, usiku, mbele ya dalali, hazina ushahidi.

Ada, na jina litakaloandikwa

Malipo ya wakili ni halali, kwani ni ujira wa kazi. Lakini ujira usiojulikana huzaa ugomvi. Kubalianeni kabla, kwa maandishi: ni shilingi ngapi, kwa kazi zipi, na zipi ni ada za ofisi zisizokuwa zake. Akitaja asilimia ya bei, muombe aiandike kwa shilingi. Kila malipo yapate risiti. Na akikuomba "kitu kidogo" cha kupitisha faili, mwambie hapana. Mtume (SAW) amewalaani mtoa rushwa na mpokeaji, na nyumba iliyoanza na laana haina utulivu.

Akina baba mtusikilize hapa. Nyumba nyingi zinajengwa kwa fedha za watu wawili. Mama ametia mchezo wake, dhahabu yake au fedha za mwani, lakini mkataba una jina la baba peke yake. Akifariki baba, mke anahesabiwa thumuni au robo ya mali ambayo nusu yake ilikuwa yake tangu mwanzo. Hiyo ni dhulma hata kama hakuna aliyeikusudia. Wakili mzuri atauliza: "Fedha ni za nani, na majina ya nani yataandikwa?" Asipouliza, semeni nyinyi.

Walioko nje ya nchi

Ndugu zetu walioko Oman, Uingereza, Canada na kwengineko wengi hununua kupitia kaka, ami au rafiki. Hiyo nayo ni wakala, basi iwekewe mipaka. Muandikie karatasi ya wakala inayotaja eneo gani, bei isiyozidi kiasi gani, na kwa jina la nani. Usitoe wakala wa kila kitu usiokuwa na mwisho. Wakili wa sheria muweke wewe mwenyewe, akuripoti wewe, na asiwe yule yule anayemsimamia jamaa yako. Zungumza naye kwa simu ya video akiwa ofisini kwake, na yeye ndiye akutumie majibu ya uchunguzi. Na usitume fedha kwa sababu ya picha ya kiwanja kwenye WhatsApp.

Asiyekuwa na uwezo

Mtu asiseme, "Mimi ni fakiri, wakili si wa kwangu." Fakiri ndiye asiyeweza kununua mara mbili. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kinatoa ushauri Unguja na Pemba. Jumuiya ya Wanasheria Wanawake Zanzibar (ZAFELA) inawasaidia khasa wanawake na watoto. Na katika shehia wapo wasaidizi wa sheria. Waendeeni kabla ya kutia saini, japokuwa kwa suali moja tu.

Masuali matatu tunayoulizwa sana

Muuzaji ni mjomba wangu. Nikileta wakili si nitakuwa namdhania vibaya? Hapana. Amri ya kuandika na kushuhudisha imewahusu waumini wenyewe kwa wenyewe. Mwambie kwa adabu: "Mjomba, mimi na wewe tunaaminiana, lakini watoto wetu watakuja kuulizana." Udugu unaovunjika kwa kuandikiana ni mchache kuliko udugu uliovunjika kwa kutoandikiana.

Nimeshanunua na sikufanya haya. Nifanye nini? Simamisha ujenzi mpaya mpaka upate uhakika. Mchukue wakili, kusanya karatasi zote na ushahidi wa malipo, na ufanye uchunguzi sasa. Ukikuta mrithi aliyeachwa, mwendee kwa suluhu kabla ya kwenda Mahakama ya Ardhi. Akiridhia kuuza fungu lake au kulipwa haki yake, andikeni upya. Usiseme "nimeshajenga, watafanya nini?" Katika Hadithi ya Said bin Zayd, waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (SAW) ametutahadharisha kwamba anayechukua shubiri ya ardhi kwa dhulma atavishwa ardhi hiyo shingoni kutoka ardhi saba.

Wakili wangu ni hodari. Anaweza kunishindia hata kama haki si yangu. Inafaa? Haifai, kwenu nyote wawili. Katika Hadithi ya Ummu Salama (RA), iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (SAW) ameeleza kuwa huenda mmoja wa wagomvi akawa fasaha kuliko mwenziwe, na yeye akahukumu kwa alivyosikia. Basi aliyepewa haki ya mwenziwe amekatiwa kipande cha Moto. Hukumu ya kadhi haihalalishi haramu, seuze ufasaha wa wakili.

Ndugu zetu, nyumba ndiyo amali kubwa ambayo wengi wetu tutaifanya kwa mali yetu katika umri wote. Ndani yake tutasali, tutalea, tutaugua, na watu watatutoa humo kwenda kaburini. Wale dada watatu na yule ndugu wa Muscat hawakukosana kwa uadui. Walikosana kwa suali moja ambalo hakuna aliyeliuliza kwa wakati wake. Tuliulize sisi, na tumlipe kwa wema anayejua kuliuliza.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali, makazi yenye baraka, na atuepushe na kula haki za mayatima na wajane. Amin.

Wallahu aalam.